Sura ya Kuazima

Kule Serrinha, katika nyika ya Ceará huko Brazili, nyumba hujulikana kwa ukuta wake wa sebuleni. Juu kabisa hukaa Moyo Mtakatifu, Yesu aliyeweka mkono kifuani, na chini yake hutundikwa wenye nyumba: babu, bibi, mume, mke, kila mtu na fremu yake, wamepakwa rangi mpaka midomo. Ukuta wa Bi Otilia ulikuwa na Moyo peke yake. Chini ya Moyo palikuwa na chokaa, na chokaa hiyo aliipaka upya kila mwaka, maana asiye na cha kuonyesha heri aonyeshe usafi.

Na kila mwaka ikifika siku ya kuufanya upya Moyo, siku ambayo mlango huachwa wazi majirani waje wasali, walipue fataki na kula biskuti za wanga wa muhogo, Bi Eufrasia mwongoza sala husimama mbele ya chokaa ile akaguna.

"Haya, tumwombee marehemu Lourival," husema, "popote alipo, maana hapa hayupo."

Watu hucheka kidogo, kicheko cha ndani ya mdomo, cha watu walio kwenye sala. Bi Otilia hucheka nao. Angefanyaje? Biskuti ni zake, wageni ni wake, na Eufrasia ndiye pekee pale kijijini anayezijua litania zote bila kusoma.

Lourival alikuwa mumewe. Mwaka wa ukame mkubwa alipanda lori pamoja na wanaume wengine kwenda São Paulo kubeba zege, na binti yao Zuleide hata kutambaa alikuwa hajaanza. Huko akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akazikwa huko huko. Kitambulisho chake cha kazi, chenye picha, hakikurudi. Kabla ya hapo hakuwa amepigwa picha hata moja. Alikuwa akisema picha ni za maiti na wagombea ubunge, na yeye hakuwa na haraka ya kuwa hata mmojawapo.

Maneno ya Eufrasia yangevumilika, mtu huzoea. Lililomnyima Bi Otilia usingizi lilikuwa jingine, na hakumwambia mtu. Sura ya mumewe ilikuwa inamtoka. Miaka ya mwanzo akifumba macho tu, Lourival huyo, mzima mzima, anacheka. Baadaye akawa anakuja bila pua. Mwaka huo ndio akaacha kuja kabisa. Akifumba macho anaiona kofia ya ngozi, na chini ya kofia hakuna mtu.

"Mama, baba alikuwaje?" Zuleide huuliza. Alikuwa msichana mkubwa sasa, fundi wa kushona, na kwake yeye baba alikuwa jina tu.

"Mzuri."

"Mzuri vipi?"

"Kateke maji."

Binti alidhani mama anaumia ndiyo maana hasemi. Kumbe mama alikuwa hana la kusema, na aliogopa, tena si kidogo. Kifo cha kwanza kilimkuta mumewe mbali, yeye hakuwa na mkono ndani yake. Hiki cha pili kilikuwa kinatokea ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Ndipo akapita Honorato, mtu wa picha.

Honorato alikuwa akizunguka nyika nzima na baiskeli na mkoba wa turubai. Unampa kapicha kadogo kalikokunjamana, anakapeleka mjini kwa fundi wake, kanarudi kamekuzwa kama dirisha, kamepakwa rangi, na mtu wako amevaa suti. Sebuleni kwa Bi Otilia alizitandaza sampuli zake sakafuni mithili ya muuza vitambaa. Eufrasia, ambaye pua yake ilinusa mgeni kabla mbwa hawajabweka, alikuwa tayari ameshakaa.

"Huyu mama nilimpokea yuko ndani ya jeneza," Honorato alisema. "Amefumba hivi. Tazama sasa! Nimemfumbua macho, nimemtia na hereni. Na huyu mzee maskini hakuwahi kuvaa viatu maisha yake yote."

"Viatu havionekani," Zuleide alisema.

"Lakini tai inaonekana, binti yangu. Mwenye tai atakosaje viatu?"

"Mume wangu ni kazi yake huyu bwana," Eufrasia alisema. "Kila nikimtazama pale ukutani nasema, laiti ungekuwa hivi ulipokuwa hai."

Bi Otilia alisogea, akasahau kuwa jirani yupo. "Na asiye na picha?"

"Hata ya kitambulisho?"

"Hata hiyo."

"Ya kadi ya kura je? Ya harusi? Hata kwa mbali, yuko nyuma ya ng'ombe? Nimewahi kumtoa mtu nyuma ya ng'ombe."

"Hakuna, baba."

Honorato alikuna kidevu. Ilikuwa dhahiri kwamba swali hilo halikuwa geni kwake. "Ndugu wa damu je? Mtu waliyefanana naye? Tunampiga picha huyo, kisha tunamrekebisha. Tunapunguza hapa, tunaongeza pale. Sura za ndugu ni kama mashati, mama, huazimana."

"Yuko baba mdogo," Zuleide alisema.

"Hayuko," mama yake alisema, wakati huo huo.

Eufrasia aliweka kikombe chini ili asikie vizuri zaidi.

Baba mdogo alikuwa yuko, tena karibu, ng'ambo ya bwawa tu. Jina lake Tiburcio, mdogo wake Lourival wa kufuatana. Siku barua ya msiba ilipofika, waliokuja kuomboleza hawajamaliza kahawa, Tiburcio aliingia chumbani akatoka na tandiko la farasi la marehemu begani, akasema ni lake, alikuwa amemwazima tu. Bi Otilia alimwambia mbele za watu asikanyage tena kizingiti kile, na kwa miaka yote Zuleide aliyokuwa akikua, Tiburcio hakukikanyaga. Wakikutana kanisani Bi Otilia huiamkia nguzo iliyo nyuma yake. Jina la "shemeji" halikutoka tena mdomoni mwake; akilazimika kumtaja husema "yule wa tandiko."

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho yake alijifunga kitambaa kichwani akauzunguka ukingo wa bwawa.

Tiburcio alimpokea akiwa amelala kwenye machela yake ya kamba, wala hakuinuka.

"Nani huyo? Macho yangu yananidanganya? Si mke wa kaka?"

"Habari za hapa."

"Habari za hapa nzuri. Za tangu siku ile ndizo ndefu."

Akaeleza haja yake akiwa amesimama juani, maana hakukaribishwa kiti. Tiburcio alimsikiliza huku akisokota masharubu. Yalikuwa masharubu hasa, meusi, yamepakwa mafuta, nayo ndiyo mali pekee aliyoitunza. Tandiko lenyewe alikuwa ameshaliuza zamani.

"Kwa hiyo unaitaka sura yangu."

"Naitaka ya mume wangu. Yako ni ya kuanzia."

"Hee! Ya kuanzia! Wanawake wa mji huu huniita bwana mzuri, wewe unaniita ya kuanzia." Akajizungusha kwenye machela, akafurahi vibaya sana. "Sawa. Damu ni damu. Ila siku ya Moyo nitaingia kwa mlango wa mbele, nikae kiti cha mbele, na neno tandiko lisitajwe. Na uniite mbele ya watu. Shemeji, karibu. Hivyo tu."

Bi Otilia alitazama bwawa, ambalo mwaka huo lilikuwa tope. "Utaingia na utakaa," alisema. "Tandiko sitalitaja. Hilo la kuita tutaona." Akarudi nyumbani meno yanamuuma kwa alivyoyasaga.

Walimpiga picha uani, shuka jeupe limetundikwa nyuma yake. Honorato aliinamia kamera, kisha akatoa kipande cha penseli aandike marekebisho, na hapo ndipo kazi ilipochacha.

"Marehemu, masharubu?"

"Hana," Bi Otilia alisema upesi. Hilo alikuwa na hakika nalo, au alidhani anayo.

"Tunanyoa. Kovu hili la nyusini?"

"Hilo langu, la ugomvi wa ngoma," Tiburcio alisema kwa fahari.

"Tunalifuta. Pua je, marehemu? Nene? Nyembamba?"

Zuleide alimtazama mama yake. Bi Otilia alifungua kinywa, akaifuata ile pua mahali ilipokuwa ikikaa miaka yote, akakuta pamefagiwa.

"Ya kawaida," alisema.

"Ya kawaida," Honorato aliandika. "Na nywele?"

"Za kawaida pia."

"Alikuwa mtu wa kawaida, basi," Honorato alisema kwa upole, akakunja karatasi. "Hao ndio rahisi."

Kapicha ka Bi Otilia mwenyewe kalitolewa kwenye kadi ya kura, ili wawekwe wote wawili, bega kwa bega, inavyopasa mke na mume. Tiburcio alimsindikiza Honorato hadi njia panda. Kutoka mlangoni Bi Otilia aliwaona wamesimama wakinong'ona, kisha Honorato akapanda baiskeli na jogoo mzima akining'inia kwenye usukani, miguu imefungwa. Hata huyu bahili amejifunza kutoa, Bi Otilia alijiambia, na kwa mara ya kwanza alimwonea Tiburcio huruma kidogo. Huruma nyingine hutoka mapema mno.

Picha ilifika siku yenyewe ya Moyo, imefungwa kwa magazeti. Sebule ilikuwa imejaa watu hadi uani. Togwa ya maganda ya mananasi imeshagawiwa, biskuti ziko kwenye sinia chini ya kitambaa, na Tiburcio yuko kiti cha mbele, shati jeupe, masharubu yanang'aa. Alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele, polepole, ili wote wamwone. Bi Otilia alikuwa amemwambia "Karibu," akaishia hapo.

Honorato alikata kamba. Magazeti yakaanguka.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa na mashavu ya waridi, mkufu wa dhahabu ambao Bi Otilia hakuwahi hata kuuona dukani, na macho ya mtu aliyekula akashiba. Pembeni yake, ndani ya suti ya buluu na tai nyekundu, alisimama Tiburcio. Hakuwa mtu aliyefanana na Tiburcio. Alikuwa Tiburcio mwenyewe, na kovu lake, na masharubu yake unywele kwa unywele, tena yamekolezwa.

Bi Otilia alimtazama Honorato, Honorato alikuwa anaitazama dari. Alitaka kupiga kelele, lakini kelele ya nini? Aseme si yeye? Wangemuuliza, basi yeye alikuwaje, na hapo angesema nini mbele ya umati wote ule?

Eufrasia alisogea, akaikazia macho picha, akashika kifua.

"Lourival mtupu!" alisema.

"Ndiye, ndiye," mwingine akaitikia kutoka nyuma.

"Mimi ningemtambua hata gizani."

"Tazama hayo macho! Macho ya huruma yale!"

Ndivyo watu walivyo. Nao walikuwa wamemsahau, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema hivyo ndani ya nyumba ya mjane. Zuleide alikuwa analia. Aligusa kioo kwa ncha ya kidole, akasema taratibu, "Shikamoo, baba." Fremu ikatundikwa chini ya Moyo. Mishumaa ikawashwa. Tiburcio alitabasamu, amekijaza kiti kizima, akageuka huku na huko kama bwana harusi.

Eufrasia akaanza.

"Tumwombee mtumishi wako huyu, Bwana, uliyemtoa katika dunia hii." Na akanyoosha mkono kwenye masharubu.

"Umpumzishe kwa amani," watu wakaitikia.

"Mwili wake umekuwa chakula cha funza."

"Umpumzishe kwa amani."

"Macho yake haya yaliyofumba yasiione jehanamu."

"Umpumzishe kwa amani."

Tabasamu la Tiburcio lilianza kushuka upande mmoja. Aliitazama picha, akawatazama watu waliopiga magoti kuielekea. Watu zaidi ya hamsini, sauti moja, wanamsukuma kaburini. Serrinha wanajua wote: sala ya Moyo haipotei njia, hufika kwa mwenye sura. Jasho lilimtoka kwenye paji likapita juu ya lile kovu.

"Dhambi zake za wizi na tamaa, Bwana, umfutie saa hii ya..."

"Simamisheni!" Tiburcio aliruka, kiti kikaanguka. "Simamisha, mwanamke! Unaniua!"

"Keti, Tiburcio," Eufrasia alisema bila kufumbua macho. "Marehemu anaombewa."

"Marehemu gani? Huyo marehemu ni mimi!"

Uani mtu alicheka, akapigwa kiwiko.

"Ni mimi, nawaambieni! Hamna macho? Kovu hili hapa, na lile pale! Nilimpa huyu mshenzi jogoo asininyoe!" Akamwonyesha Honorato, ambaye alikuwa ameshaukaribia mlango wa nyuma. "Nilitaka nikae ukutani nami, basi, niko peke yangu, nani atanitundika mimi? Lakini sikusema mnizike! Futeni! Rudisheni maneno!"

"Maneno ya sala hayarudi," Eufrasia alisema, sasa amefumbua. "Na huyu ni Lourival. Mimi namjua Lourival."

"Wewe? Unamjua nini wewe? Lourival alikuwa na masharubu, Lourival? Hayakuota kamwe! Alikuwa anapaka mafuta ya kuku kila usiku akiwa kijana, na mimi namshikia kibatari, na hayakuota! Lourival sikio lake hili limetoka nje kama mpini wa kikombe, mama alikuwa akimfunga kitambaa lilale, halikulala! Pua yake imepinda, aliangushwa na ndama! Jino hili la mbele limekatika nusu, siku ya harusi yake, akifungua chupa kwa ulafi!"

Akawa anapiga kioo kwa kidole kila neno, akimwondoa kaka yake kwenye ile suti ili yeye apate kupona. Wala hakumwona Bi Otilia.

Bi Otilia alikuwa amekaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa. Sikio lilikuja kwanza. Lilikuja na joto lake, jekundu likiwa juani, na alikumbuka akilivuta kwa kumchokoza. Kisha jino, na jinsi neno "sukari" lilivyompa shida tangu harusi. Kisha pua, ilianguka mahali pake, imepinda kushoto, na macho yakafuata yenyewe bila kuitwa. Alikuwa yule pale, chini ya kofia. Alikuwa anacheka. Furaha ilimpanda Bi Otilia mpaka ikamuuma, akaona haya kulia mbele ya Eufrasia, na akalia, kwa sauti, kama msiba wa leo.

Tiburcio alishusha kidole. Alidhani amemuumiza.

"Basi," alisema, akihema. "Basi, nimekosa. Teremsheni tu hiyo picha. Nitakwenda zangu."

"Endelea," Bi Otilia alisema.

"Nini?"

"Keti hapo uendelee, shemeji. Alikuwa na nini tena?"

Sebule nzima ilisikia neno hilo. Zuleide alikuja akapiga magoti karibu na mama yake, macho kwa baba mdogo. Mtu aliinua kiti. Tiburcio alikaa, akataka kujifuta jasho kwa tai ambayo hakuwa nayo, akaishia kutumia mkono. Aliposema tena sauti ilikuwa nyingine, ya chini, maana na yeye alikuwa hajamtaja kaka yake kwa mtu yeyote tangu siku ile.

"Alikuwa na kishimo shavuni," alisema. "Akicheka tu. Hapa, shavu la kushoto."

"La kulia," Bi Otilia alisema.

"Kushoto, mke wa kaka. Nimekua naye kitanda kimoja."

"La kulia," alisema Bi Otilia, na alikuwa na hakika nalo kama alivyokuwa na hakika na mikono yake. "Lori limeshawashwa, yeye yuko juu, akainama akicheka. Nilibusu pale nilipopafikia."